Siku tulipopima sukari ya watu wengine

Nianze na chapati. Jumamosi moja ya mwezi wa saba mwaka jana nilikanda unga kilo mbili hapa kwangu Free Area, Nakuru, juu mamangu alikuwa ametoka kupima HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, na karatasi ilisema 5.7. Mwezi wa tatu ilikuwa 8.1. Mama ana miaka 70, sukari anaishi nayo tangu 2013, na hajawahi kuona sita kwa hiyo karatasi, wacha tano. Sasa mnaelewa vile nyumba ilikuwa. Kaka yangu mkubwa ako Kisumu alipiga simu akaomba kabisa kwa laini, dada akaweka picha ya karatasi kwa grupu ya familia, na mama mwenyewe akatangaza kwamba hizo vidonge zake za sukari, metformini, sasa zipumzike kidogo, zimefanya kazi ya kutosha. Akakula chapati tatu na maharagwe, akateremsha na soda. Mimi ndiye nilimfungulia hiyo soda, nakubali.

Jumatatu asubuhi nikamdunga kidole kabla ya chai, mazoea tu. 13.2.

Tukasema ni betri. Nikatoa betri nikarudisha, nikanawa mikono yake tena juu pengine alikuwa ameshika ndizi (hiyo hufanyika, ukishika tunda halafu upime kidole bila kunawa utajitisha bure), nikapima kidole kingine, 12.9. Jumanne 11.4, Jumatano 12.1. Mama akasema kile kimashine ni cha kitambo, karatasi ya hospitali ndio ya ukweli, wewe unaamini kitu ya elfu mbili uwache mashine kubwa ya hospitali? Na kusema kweli hata mimi nilikuwa nataka kuamini karatasi. Nani hataki.

Sasa kuna jirani yangu hapa plotini, anafanya kazi ya maabara, mdada mpole sana lakini ukimwonyesha karatasi ya damu anageuka CID. Alikuja jioni kuomba kitunguu nikamwambia hii story nikitarajia aseme ninunue glukomita mpya. Hakusema hivyo. Aliuliza tu, "Shosho ameongezwa damu hivi karibuni?"

Mama kutoka kwa kiti, "Mimi si shosho, mimi ni kukhu," (shosho ni nyanya kwa Wakikuyu, kukhu ni nyanya kwa Waluhya, na hiyo vita yao haijaisha hadi leo) halafu akasema ndio, painti tatu, mwezi wa tano, huko nyumbani Butere.

Jirani akacheka akaweka kitunguu chini. "Basi kukhu mmepima sukari ya watu wengine."

Wacha nieleze vile alinieleza, juu nilikuwa nimebeba hii sukari ya mama miaka zaidi ya kumi na sikuwahi kuelewa hiyo kipimo inafanya nini. Chembe nyekundu ya damu ikitoka kwa uboho, yaani ndani ya mfupa, inaishi kama siku 120 hivi. Hizo siku zote inaogelea kwa damu yenye sukari, na sukari inajibandika polepole kwa himoglobini, ile kitu ya rangi nyekundu inayobeba hewa. Kadiri sukari yako iko juu na kadiri chembe imekaa sana humo ndani, ndivyo inabandikwa zaidi. HbA1c inahesabu tu ni asilimia ngapi ya himoglobini imebandikwa. Kwa hivyo hiyo kipimo haipimi sukari peke yake, inapima sukari na umri wa chembe, zote mbili kwa namba moja, na sisi tunasoma ni kama ni sukari tu.

Sasa chukua mtu kama mama. Mwezi wa tano alipatwa na malaria mbaya, ile ya baada ya mvua ndefu, tukampata amelala hata jina langu anachanganya na la dada yangu. Hemogramu ya siku hiyo, ile karatasi ya kuhesabu chembe za damu, bado ninayo kwa simu: Hb, yaani kiwango cha himoglobini, 5.9, na vile vidudu vimeonekana kwa slaidi. Malaria inapasua chembe nyekundu, zile zenye vidudu na hata zingine nyingi ambazo hazina, bandama inazifagia tu. Wakamdunga artesunati kwa mshipa na kumwekea painti tatu. Nawashukuru sana hao watu walitoa damu, siwajui na sitawajua, lakini hao ndio walikuwa kwa ile karatasi ya 5.7! Chembe zake za zamani, zile zilikuwa zimekaa kwa sukari ya kumi na kitu, nyingi zilikuwa zimeenda na malaria. Zilizobaki zimechanganyika na za wageni ambazo zilikuwa zimeishi kwa miili isiyo na sukari, na juu yake zile mpya uboho ulikuwa unatoa mbio mbio kujaza pengo, changa, hazijapata muda wa kubandikwa chochote. Wiki saba baadaye tukaenda kupima, tukapata 5.7, tukapika chapati.

Kuna hesabu ya kubadilisha HbA1c iwe wastani wa sukari ya kila siku, jirani alinifanyia nyuma ya bahasha. 8.1 ni kama wastani wa 10.3. 5.7 ni kama 6.5. Sasa kama glukomita inakupa 11, 12, 13 kila asubuhi na karatasi inasema unaishi kwa 6.5, mmoja wao anadanganya, na hapa kimashine cha elfu mbili ndio kilikuwa kinasema ukweli. Ingawa na yeye aliniwekea onyo moja: mtu akiwa na damu kidogo sana glukomita zingine husoma sukari juu kuliko vile iko, kwa hivyo tusiapie hiyo pia. Tukaenda kutoa damu ya mshipa kabla ya kula, ikasema 10.6. Kitu inaanzia 7.0 asubuhi bila kula inaitwa kisukari, kwa hivyo hakukuwa na la kubishana. Mama akarudi kwa vidonge vyake Alhamisi hiyo, na uso wa mtu ameandikiwa adhabu.

Kitu kiliniuma si kosa, makosa yanafanyika, ni kwamba hizo karatasi mbili zilikuwa kwa faili moja. Hemogramu ya Hb 5.9 na risiti ya damu, na HbA1c ya 5.7, zimepigwa stepla pamoja! Aliyetupatia majibu ya 5.7 alifungua faili, akasoma namba ya juu, akasema hongera. Na mimi pia nilikuwa nayo kwa simu. Sisi sote tulisoma sukari kama ni ya mtu mmoja na damu kama ni ya mtu mwingine, kwa kliniki ya sukari hakuna anayeuliza Hb na ukiugua malaria hakuna anayeuliza HbA1c.

Basi jirani akasema nilete faili yote. Ilikuwa usiku wa stima kupotea, tukatumia tochi ya simu, na hapo ndio nikajua hii faili ilikuwa inapiga kelele miaka miwili na sisi tumeziba masikio.

Ya kwanza, chembe nyeupe. Mwaka juzi mama alikaa na sisi Nakuru miezi minne na akapimwa damu kwa kliniki moja hapa taoni juu ya uchovu. WBC ilikuwa 11.6, na kwa hiyo karatasi mwisho ni 11, kwa hivyo kulikuwa na ile H nyekundu pembeni, ya kusema iko juu. Tukaambiwa kuna infeksheni. Infeksheni ya wapi? Kwa damu tu. Antibayotiki siku saba. Tukarudi, 11.3, antibayotiki zingine, kali zaidi, zikamharibu tumbo. Mama hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi, mkojo ulipimwa ukawa safi. Mara ya tatu nikakataa kununua, si kwa sababu nilijua kitu, ni pesa zilikuwa zimeisha.

Jirani aliangalia hiyo karatasi akauliza maswali matatu: kukhu anavuta sigara au ugoro? Hapana. Ana meno mabovu, fizi zinatoa damu? Kidogo. Anakunywa dawa gani ya magoti?

Kimya.

Nikamwangalia mama, mama akaangalia dirisha. Kumbe kwa ile kibeti yake ndogo ya kitenge kulikuwa na bahasha ya kaki ya kemisti, haina jina, haina chochote, vidonge vidogo vyeupe, "moja asubuhi moja jioni magoti yakiuma". Jirani akasema haapi lakini kwa vile anaona na vile vinafanya magoti yapoe kwa siku moja, hizo ni prednisoloni au binamu yake. Steroidi. Na steroidi inafanya vitu viwili pamoja ambavyo mimi singewahi kuunganisha: inapandisha sukari, na inapandisha chembe nyeupe kwa hemogramu, juu inazitoa zile zilikuwa zimejibandika kwa kuta za mishipa zinaingia kwa mkondo na zinahesabika. Hakuna ugonjwa, ni kama watu wamesimama kwa veranda wakiambiwa waingie ndani, ukihesabu walio ndani utasema nyumba imeongeza watu. Daktari alipoona hivyo vidonge baadaye alikubali, na akatuambia jambo moja la muhimu sana ambalo naandika hapa na herufi kubwa kama ningeweza, ati mtu amekunywa hizo muda mrefu ASIACHE GHAFLA, mwili unakuwa umezoea, zinapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Zilipunguzwa wiki kadhaa. WBC ikarudi 9.1.

Sasa 9.1 haina H. Iko sawa kwa karatasi. Lakini hapa ndio nilianza kusoma usiku, unajua vile mtu anaanza na swali moja unajipata saa nane. Kumbe kuna utafiti wa miaka mingi, nchi nyingi, kwa wazee hasa, unaoonyesha kwamba watu wenye chembe nyeupe nyingi kidogo, hata ndani ya kiwango cha kawaida, ndio wana uwezekano zaidi wa kuwa na ule mkusanyiko wa tumbo kubwa, presha, sukari na mafuta mabaya kwa damu, wanauita sindromu ya metaboliki. Mwaka 2002 watafiti waliofuatilia watu wa jamii ya Pima huko Arizona, jamii ambayo kisukari kimewashika vibaya sana, walipata kwamba waliokuwa na chembe nyeupe nyingi kabla hata ya kuugua ndio waliishia kupata kisukari zaidi miaka iliyofuata. Sababu inayotajwa sana ni mafuta ya tumboni, yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo. Hayo mafuta hayakai tu kama mzigo, yanatoa kemikali za kuita askari, na uboho ukisikia hizo kemikali unatoa chembe nyeupe zaidi, kidogo kidogo, kila siku, miaka. Ni moto wa makaa chini ya jivu, hauoni moshi. Na huo moto wenyewe unafanya insulini, ile homoni ya kushusha sukari, isisikike vizuri mwilini.

Lakini ngoja, msitoke hapa mkaambie wazazi wenu ati WBC ni kipimo cha kisukari. Si kipimo. Nyeupe zinapanda na jino bovu, na sigara, na mawazo, na kukimbilia matatu. Huwezi ambiwa uko na sukari kwa sababu ya 9.1. Ninachosema ni ile H ya mama ilikuwa na maana angalau tatu na tulipewa moja tu, ya kununua dawa. Na kiuno chake ni sentimita 104. Kwa wanawake huku kwetu alama inayotumika ni 80, ikitoka kwa vipimo vya Wazungu juu vyetu wenyewe havijatosha, kwa hivyo ichukue na chumvi, lakini 104 haihitaji chumvi. Presha yake ni ya dawa. Trigliseraidi, aina moja ya mafuta kwa damu, 2.4, na inafaa iwe chini ya 1.7. Ukihesabu vile vitu vitano wanahesabu, kiuno, presha, sukari, trigliseraidi na ile kolestro nzuri, ukipata tatu tayari una hiyo sindromu, yeye alikuwa na nne, ya tano ilikuwa inachungulia mlangoni.

Na si yeye peke yake. Hapa hapa Nakuru, 2007 na 2008, kulifanywa utafiti mkubwa wa watu wa miaka 50 kwenda juu, kama watu 4,400, ulikuwa wa macho hasa lakini wakapima na mengine. Nusu walikuwa na presha. Nusu! Kisukari asilimia 6.6, na wa mjini walikuwa wabaya kuliko wa mashambani. Hiyo ni kabla ya boda kila kona, wakati watu bado walikuwa wanatembea kutoka Free Area hadi taoni.

Ya pili kwa faili ndio ilinifanya nilie kidogo, na jirani aliiona kwa sekunde mbili. Kuna mstari unaitwa MCV, ni ukubwa wa chembe nyekundu. Kawaida ni 80 hadi 100. Ya mama, mwaka juzi, mwaka jana mwezi wa tatu, kabla ya malaria: 104, 106. Na Hb yake hapo ilikuwa 10.2. Kwa mwanamke asiye na mimba chini ya 12 ni upungufu wa damu, na tukiwa Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, inafaa hata iwe juu zaidi kuliko mtu wa Kisumu, juu huku hewa ni nyepesi na mwili unajipanga kwa kutengeneza damu zaidi. Kwa hivyo 10.2 ya mtu amekaa Nakuru miezi minne ni mbaya kuliko vile inaonekana. Tulifanya nini? Tulifanya vile Wakenya wote hufanya. Bitiruti. Nilisaga bitiruti hadi blenda ikabaki na rangi ya Jumapili ya mitende, nikaweka managu, terere, nikanunua sharubati ya madini ya chuma kwa kemisti. Hb ikakaa hapo hapo 10.

Damu ikipungua kwa kukosa chuma, chembe huwa ndogo na zimepauka. Za mama zilikuwa kubwa. Chembe kubwa zinakuelekeza kwingine, na moja ya hayo kwingine ni vitamini B12. Metformini ikitumiwa miaka mingi inazuia B12 isifyonzwe vizuri huko mwisho wa utumbo mdogo. Si kila mtu, na haifanyiki haraka, juu ini linaweka akiba ya miaka, lakini mama ameimeza tangu 2013, gramu mbili kwa siku. Ongeza kwamba mtu wa chama chake alimwambia nyama italeta gauti, akaacha nyama, na maziwa hapendi. B12 inatoka kwa nyama, samaki, mayai, maziwa. Bitiruti haina. Managu haina. Nilikuwa nampikia damu mahali hakuna damu.

Na nyayo zake. Miaka miwili analalamika nyayo zinawaka usiku, zinadungwa na sindano, na kila mtu, hata mimi, "ni sukari hiyo mama, sukari inakula mishipa ya fahamu". Inaweza kuwa ni sukari kweli. Lakini B12 ikikosekana inafanya hiyo hiyo kitu, mahali pale pale, na hiyo ya B12 ina sindano. Alipimwa, ikawa chini sana, akaanza kudungwa. Daktari alisema wazi wazi metformini haachi, ni dawa nzuri na ya bei ya watu, ni B12 tu itaangaliwa. Nimesisitiza hapa juu najua kuna mtu anasoma akiwa tayari ameshika simu kumpigia babake aache dawa. Usimpigie. Mpigie uulize MCV.

Kwa hivyo ukirudisha nyuma mkanda: kukosa B12 kulishusha damu polepole, malaria ikapata mtu ambaye tayari ako 10, ikamteremsha 5.9, ndio akahitaji painti tatu, ndio HbA1c ikadanganya, ndio tukaacha dawa. Mtu wa Hb 13 akipigwa na malaria hiyo hiyo pengine hangefika kuongezwa damu.

Wazee wengi husema, na hata wahudumu wengine husema, ati damu kupungua ni uzee. Mimi nilikuwa naamini. Sai siamini. Damu ya mzee ikipungua kuna mahali inaenda au kuna kitu inakosa: figo zilizochoshwa na sukari na presha zinaacha kutoa ile homoni ya kuamsha uboho, au kuna kidonda tumboni kinavuja polepole kwa sababu ya dawa za maumivu, au ni B12, au chuma, au ugonjwa wa muda mrefu. Wakati mwingine hawaipati sababu, sawa, lakini waitafute kwanza.

Na hii mambo ya HbA1c kudanganyika haiko kwa walioongezwa damu tu. Ukikosa chuma inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Huku magharibi, kutoka Busia ukizunguka ziwa lote, kuna watu wengi wamebeba jeni moja ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja, hawaumwi, hata hawajui, na kwao HbA1c inaweza kusoma chini kidogo, tena inategemea aina ya mashine. Kaka yangu wa Kisumu aliposikia hivyo akaenda kupimwa, kumbe yeye anayo. Yeye ambaye aliomba kwa simu.

Mzee wangu wa nyumba pia alipata la kwake, juu tulipoanza kufungua mafaili hakuna aliyebaki salama. Ripoti yake ya kazini ina L, ya kusema iko chini, kwa nyutrofili (aina moja ya chembe nyeupe) kila mwaka, na kila mwaka analala vibaya siku mbili akifikiria saratani. Jirani alimwambia Waafrika wengi sana ndivyo walivyo kwa kuzaliwa, inaendana na kukosa alama fulani ya Duffy kwa chembe nyekundu, ambayo ilitukinga na aina moja ya malaria, na vile viwango vimechapishwa kwa karatasi vilitoka kwa damu za watu wa mbali. Watafiti walipima watu wenye afya Kericho na huku magharibi, wakachapisha 2008 na 2011, wakapata kweli viwango vyetu si vya Marekani. Lakini mashine nyingi bado zinapiga L. Mzee alilala vizuri siku hiyo, akakoroma.

Sasa tuko wapi. Nilinunua daftari ya kurasa 96, mama anaandika sukari ya asubuhi mwenyewe na kalamu nyekundu, boksi ya vijiti 50 nalipa mimi na kaka kwa zamu. Daktari alisema HbA1c tusiguse hadi miezi mitatu ipite tangu damu iongezwe na Hb itulie, kuna kingine kinaitwa fruktosamini kinachopima wiki mbili tatu bila kutegemea chembe nyekundu lakini sampuli ingeenda Nairobi na bei ilinifanya nikohoe, tukasema daftari itatosha. Na akatuambia pia tusimkimbize mama hadi sita, kwa mtu wa umri wake mwenye magonjwa kadhaa chini ya 8 inatosha, sukari ikishuka sana kwa mzee ni kuanguka na kuvunjika nyonga. Mama alipenda hiyo sehemu sana, ameirudia kwa kila mtu Butere.

Mwezi wa kumi na moja Hb ilikuwa 12.3, MCV 96, HbA1c 7.4. Hiyo 7.4 ni yake, ya damu yake mwenyewe. Nyayo zinawaka bado lakini si kila usiku. Anakula omena mara tatu kwa wiki na mayai, yule wa chama wa gauti amenyamazishwa. Amerudi nyumbani, na yule mhudumu wa afya wa kijiji mwenye begi hupitia kumpima presha na sukari wiki ambazo vijiti vimeisha.

Magoti ndio bado. Juzi alinipigia akauliza kama wale watu watatu waliotoa damu wanaweza patikana. Nikamuuliza wa nini mama. Akasema kama sukari yao ilikuwa nzuri hivyo, pengine hata magoti yao ni mazuri, na wanajua dawa. Nikamwambia mama nionyeshe kibeti. Akasema network ni mbaya.